Mtunzi wa Wales na Uzito wa Maneno

Sisi watu wa mwambao, tukisifiwa mwimbaji, huuliza kwanza: "Aimba nini?" Sauti tamu bila ya maneno ni chungu kitupu. Basi leo, msomaji, nakuletea habari za mtunzi aliyepata jina ulimwenguni kwa kuimbisha maneno yasiyo na maana yo yote.

Huyo ni Karl Jenkins, aliyezaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Penclawdd, nchini Wales. Babake alikuwa mwalimu wa shule, tena mpiga kinanda na kiongozi wa kwaya kanisani. Kijana akashika obo, jamaa ya nzumari yetu, maana zote mbili hupulizwa kwa tete. Akasoma muziki katika Chuo Kikuu cha Cardiff, kisha Royal Academy of Music, London.

Lakini hakutulia katika okestra. Aliingia katika jazi, na kundi la Nucleus alilokuwamo likapata ushindi wa kwanza katika tamasha la Montreux, Uswisi, mwaka 1970. Mwaka 1972 akajiunga na bendi ya Soft Machine. Baadaye akatunga muziki wa matangazo ya biashara, na wapo wahakiki ambao hawajamsamehe hilo hata leo. Mimi simlaumu. Malenga wetu hutunga ya harusi kwa ujira, na kesho yake akatunga ya msiba. Nani aliyekataa kulia kwa sababu mtunzi alilipwa jana?

Tangazo la shirika moja la ndege la Marekani ndilo lililozaa Adiemus, iliyotoka katika sahani mwaka 1995. Maneno yake aliyabuni mwenyewe, si ya lugha yo yote, ili sauti ya binadamu iwe ala kama ala nyingine. Watu wakaipenda mno.

Ndipo jumba la makumbusho ya silaha, Royal Armouries, lilipomwagizia utungo wa kuikaribisha karne mpya. Ajabu hiyo: nyumba ya mapanga na bunduki yaomba wimbo wa amani! Akatunga The Armed Man, yaani "Mtu Mwenye Silaha", kwa mtindo wa misa ya Kikristo, akawatolea wahanga wa vita vya Kosovo, ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Uliimbwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, tarehe 25 Aprili 2000.

Hapa Jenkins hakuweza tena kuyakwepa maneno. Kwanza husikika vishindo vya askari wakienda vitani. Kisha kimya, na muadhini huadhini peke yake, pasi na ala hata moja chini ya sauti yake. Mbele zaidi huja shairi la Mjapani Toge Sankichi, aliyekuwapo Hiroshima bomu lilipoanguka mwaka 1945.

Najua wapo watakaonuna: adhana ndani ya misa? Mimi si mufti, wala sitoi fatwa. Nasema tu nilionalo. Mtu huyu hakuitia adhana ngoma wala zeze, aliinyamazia.

Mwaka 2015 alipewa cheo cha Sir, mtunzi wa kwanza wa Wales kukipata. Mwaka uliofuata akawatungia watoto wa Aberfan. Katika kijiji hicho cha Wales, tarehe 21 Oktoba 1966, kilima cha taka za makaa ya mawe kiliporomoka juu ya shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Maneno ya utungo huo aliandikiwa na mshairi wa kwao, Mererid Hopwood.

Angalia basi safari yenyewe. Palipokuwa na ndege ya kutangazwa, sauti tupu ilitosha. Palipokuwa na maiti wa kuliliwa, fundi alirudi kwa washairi na kwa muadhini. Wazee wetu hawakukosea kuuliza: aimba nini?