Fahamu: Mbwa mzee ananuka na kunyonyoka manyoya. Ni uzee tu?

La. Uzee hupunguza kinga, lakini harufu kali ni dalili ya ugonjwa.

Chanzo ni nini?
Mara nyingi ni upele wa utitiri, viroboto au kupe. Mbwa hujikuna hadi ngozi ichubuke, kisha bakteria na kuvu huingia. Kagua pia masikio yenye usaha na meno yaliyooza.

Nifanyeje?
Muone daktari wa mifugo. Usimpake oili chafu ya gari wala dawa ya kuogeshea mifugo isiyopimwa: mbwa hujiramba na kumeza sumu. Nawa mikono, kwani kuna upele unaoambukiza watu.

Mbwa mwenye ngozi safi ni salama?
Si lazima. Kuanzia Lodwar hadi Kakuma, katika Turkana nchini Kenya, tishio kubwa halionekani. Turkana imejulikana kwa miongo mingi kwa maambukizi mengi ya hidatidi, ugonjwa wa vivimbe unaotokana na mnyoo tegu wa mbwa, na shirika la afya la AMREF lilianza mpango wa kuyadhibiti mwaka 1983. Mbwa hupata tegu akila maini au mapafu ya mbuzi, kondoo au ngamia yenye vivimbe vya maji. Mayai hutoka na kinyesi na kunasa kwenye manyoya. Mtu akiyameza, uvimbe hukua kwa miaka, hasa kwenye ini, na huenda akahitaji upasuaji. Mbwa mwenyewe huonekana mzima.

Kinga ya hidatidi ni ipi?
Dawa ya prazikwanteli huua tegu, lakini mbwa akila tena nyama yenye vivimbe huweza kuambukizwa upya. Choma au zika maini na mapafu yenye vivimbe kila mnapochinja.