Fumbo la Bure, Fumbo la Kulipia

Wordle, fumbo la kila siku la kubahatisha neno moja la Kiingereza la herufi tano, ni bure. Nalisema mapema kwa sababu wapo waliowahi kuilipia. Josh Wardle aliifungulia umma Oktoba 2021 kama ukurasa mtupu wa kivinjari, hakuna tangazo, hakuna programu ya kupakua. Ilipovuma, duka la programu la Apple likajaa nakala za kuiiga, na mojawapo ilidai dola 30 kwa mwaka kwa kitu ambacho Wardle mwenyewe alikuwa akikigawa. Apple ilizifuta Januari 2022, na mwezi huohuo gazeti la The New York Times likainunua ile halisi. Fumbo la siku halina malipo hadi leo, ila sasa limezungukwa na matangazo, na hayo ndiyo yanayokula bando kuliko vile viboksi vya herufi vyenyewe.

Je, ulipie usajili wa michezo ya gazeti hilo? Bei yake Marekani ni kama dola 50 kwa mwaka. Ukicheza Wordle peke yake, baki na hela yako. Unachoongezewa hasa ni mafumbo ya siku zilizopita, yaani kiporo. Kiporo kina utamu wake, sikatai, lakini raha ya Wordle ni kujua kwamba mwenzako wa kazini na shangazi aliyeko Houston wanahangaika na neno hilohilo leo. Anayependa Spelling Bee ndiye mwenye sababu ya kulipa: herufi saba, ya katikati lazima iwemo, na asiyelipa hukatizwa njiani pale tu utamu unapokolea. Mini, lile fumbo dogo la kujaza maneno, nalo lilitiwa kwenye malipo mwaka 2025.

Binamu za Wordle, Quordle (maneno manne kwa mpigo, nafasi tisa za kubahatisha) na Octordle (manane, nafasi 13) hazidai senti. Lakini Quordle ina uwanja wa mazoezi usio na kikomo, na huko ndiko saa ya chakula cha mchana inakopotelea.

Tukirudi kwa Wordle, gharama nyingine ni ya nafasi zenyewe za kubahatisha. Una sita tu, na Waswahili wengi tunazitumia vibaya tangu ya kwanza. Lugha yetu hufunga karibu kila silabi kwa irabu, basi tunakimbilia ADIEU ili tupate irabu nne kwa pigo moja. Kiingereza hakichujwi hivyo. Ukishajua kwamba kuna E, bado una maelfu ya maneno. Ni konsonanti kama R, S, T na L zinazopunguza msitu. SLATE au CRANE zinakupa irabu mbili na konsonanti tatu zenye kazi, na mimi sibadilishi tena.

Kisha kuna mtego wa IGHT. Umepata herufi nne za mwisho, unashangilia, halafu unaanza: LIGHT, MIGHT, NIGHT, FIGHT, RIGHT, SIGHT, TIGHT. Ukijaribu moja moja, umekwisha. Afadhali utoe sadaka nafasi moja kwa FIRMS, neno unalojua fika kwamba si jibu, ili upime F, R, M na S kwa mara moja. Uliyewasha hali ngumu, inayokulazimisha kutumia kila herufi uliyokwisha kuipata, huna ruhusa hiyo, na hiyo hali, ajabu, nayo hutolewa bure.