Pikipiki ya Umeme: Kabla ya Furaha, Tuulize Betri ni ya Nani

Katika nyumba nyingi za Kahororo na Bukoba kwa jumla, pikipiki ndiyo riziki ya kijana. Huichukua kwa mkataba, akampelekea tajiri hesabu yake, na kilichobaki baada ya petroli ndicho chakula cha nyumbani. Basi kijana huyo anapomwambia mzazi wake kuwa sasa anataka pikipiki ya umeme, tusimkatize. Wala tusiharakishe kumpa baraka.

Jambo hili si ndoto ya mbali. Majirani zetu wa Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, wana maelfu ya pikipiki hizo, na mwaka 2025 walianza kutosajili pikipiki mpya za abiria jijini Kigali isipokuwa za umeme. Dereva hafungi kazi kusubiri chaji. Huingia kituoni, akaacha betri iliyokwisha, akapewa iliyojaa, na baada ya dakika chache yuko barabarani.

Hesabu yake inavutia. Betri ya uniti tatu hivi humfikisha dereva kilometa 60 au 70 mahali tambarare. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, ambapo shilingi 1,000 hutoa uniti 2.8, kuijaza nyumbani ni shilingi 1,100 hivi. Safari hiyo kwa petroli hula lita moja na nusu au zaidi, na lita moja pekee imezidi shilingi 2,500 miaka hii. Tena mota ya umeme haihitaji oili ya injini wala plagi.

Hata hivyo, Bukoba si tambarare. Mlima na abiria wawili hula chaji upesi, na umeme ukikatika usiku, asubuhi hakuna kazi. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kituo cha kubadilishia betri kiko wapi? Kama hakuna kilicho karibu, kijana atategemea soketi ya nyumbani peke yake.

Swali la pili ni zito zaidi: betri ni ya nani? Ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote, na nguvu zake hupungua kadiri inavyotumika. Kijana akiinunua pamoja na pikipiki, uchakavu huo ni wake. Akiikodi, huo ni mlango wa ijara unaojulikana katika fiqhi: mwenye mali hubeba hasara ya mali yake, na mkodishaji huwajibika kwa uzembe wake. Mkataba unaomtwisha mkodishaji hasara zote, au usiotaja muda, malipo na nani atalipa betri ikiharibika, una gharari ndani yake. Na mkopo wa riba hauwi halali kwa sababu chombo hakitoi moshi.

Tunawausia wazazi wasome mkataba pamoja na kijana, wausome tena kwa sheikh wa msikiti wao, kisha uandikwe mbele ya mashahidi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuelekeza kuandika madeni, nasi mara nyingi tunaridhika na neno la mdomo, hadi siku pikipiki inaponyang'anywa ikiwa imebaki miezi miwili.

Yapo pia ya nyumbani. Betri isichajiwe ukumbini wanapolala watoto wala mlangoni, kwa maana ikishika moto njia ya kutokea huzibwa. Itumike chaja yake yenyewe. Mvua za Bukoba ni nyingi, hivyo soketi na nyaya zikae pakavu. Tena chombo hiki hakina mngurumo: mzee anayetoka swala ya Alfajiri na mtoto anayekwenda madrasa hawatakisikia kikija. Dereva apunguze mwendo, apige honi mapema, avae kofia ngumu na ampe abiria wake.

Kijana anayetafuta cha halali anastahiki kuungwa mkono. Tumsaidie kwa kuketi naye mkekani, karatasi mkononi, kabla hajatia saini. Akishatia saini, ushauri wetu utakuwa umechelewa, na deni litakuwa la nyumba nzima.