Usiikunje hiyo ripoti: herufi zake ndizo huchagua dawa ya kansa

Kila nyumba ina yule mtoto mwenye simu nzuri. Barua ya benki ikija, anaitwa. KRA ikituma ujumbe, anaitwa. Na siku mathe atatoka hospitalini na karatasi ya biopsi, ni wewe utaitwa: "Hebu tusomee, hapa wameandika nini?"

Unaangalia unaona ER chanya, PR chanya, HER2 2+. Unaingia Google, unakutana na kurasa za kutisha, unazima simu. "Daktari atatuelezea." Daktari naye ana foleni imefika langoni, na mathe ni wa kuitikia "sawa daktari" hata kama hajashika kitu.

Basi kaa hapa kidogo. Mimi si daktari, na chuo niliacha kabla ya kufika mbali, lakini hii kitu inaeleweka ukielezewa pole pole. Na ni muhimu uielewe, kwa sababu zile herufi si mapambo. Ndizo zinaamua mathe atapewa kidonge, sindano, au kemo peke yake.

Umepanda matatu, so unajua lugha ya makanga. Akigonga bodi mara moja, dere anasimamisha. Mara mbili, twende. Dere hamwoni anayeshuka nyuma, yeye anaamini ule mlio tu.

Seli za mwili wako ziko hivyo hivyo. Seli haiamki asubuhi ikaamua kugawanyika. Inangoja ishara. Homoni au protini fulani inashika kipokezi, kipokezi kinaamsha protini iliyo karibu, hiyo inaamsha nyingine, mpaka ujumbe unafika ndani kabisa kwenye jeni: gawanyika, au tulia, au hata kufa, kazi yako imekwisha. Ndiyo, seli pia huambiwa zife, na zikiwa na adabu zinatii. Kwenye kansa, bodi inagongwa bila kukoma na dere amekanyaga mafuta tu.

Kemo hushambulia seli yoyote inayogawanyika haraka, ndiyo maana nywele zinatoka na tumbo linavurugika. Dawa lengwa ni tofauti. Hiyo inamtafuta makanga anayegonga.

Na si wazo la juzi. Mwaka 1896 daktari wa Glasgow, Thomas Beatson, aliandika kuhusu mama aliyekuwa na kansa ya matiti iliyoenea. Alimtoa ovari, na uvimbe ukanywea. Wazo alikuwa amelipata kwa wafugaji: alisikia kwamba mahali fulani ng'ombe huondolewa ovari ili aendelee kutoa maziwa. Akajiuliza, kama ovari inaongea na maziwa, si inaongea na titi? Homoni ya estrojeni yenyewe ilikuwa bado haijatambuliwa. Hapo ndipo nasema ufugaji ni sayansi, hata kama hakuna anayekupa cheti.

Sasa rudi kwa karatasi. ER ni kipokezi cha estrojeni, PR ni cha projesteroni. Zikiwa chanya, maana yake seli za huo uvimbe zina masikio ya homoni, na zinakula kwa kusikiliza homoni. Hiyo, amini usiamini, ni habari yenye nafuu ndani yake. Kuna tamoksifeni, dawa iliyoanza ikichunguzwa kama ya kupanga uzazi, ikafeli huko, kisha ikaidhinishwa Marekani mwaka 1977 kwa kansa ya matiti. Inaenda kwenye kiti cha estrojeni, inakikalia, na kwenye titi haigongi bodi. Estrojeni ikifika inapata kiti kimejaa. Ni kidonge cha kila siku, kwa kawaida miaka 5, wengine hadi 10. Hapo kuna mtego: mtu akijisikia poa mwaka wa pili anaacha. Huwezi kuona kidonge kikifanya kazi, kwa hivyo ni rahisi kudhani hakifanyi. Kazi yako kama mtoto mwenye simu ni kuweka alamu.

HER2 ni kipokezi kingine, kinachokaa juu ya seli. Seli ya kawaida inavyo vichache. Lakini kwa karibu mgonjwa 1 kati ya 5 wa kansa ya matiti, jeni ya HER2 imejirudufu mara nyingi na seli inajaa vipokezi. Picha yake ni matatu yenye makanga kumi wameninginia mlangoni, wote wanagonga. Mwaka 1987 Dennis Slamon wa UCLA na wenzake walionyesha kwamba wanawake wenye jeni hiyo iliyojirudufu walikuwa wakirudiwa na ugonjwa na kufa mapema zaidi. Badala ya kuishia kwa hiyo habari mbaya, wakauliza: je, tukiushika huo mkono unaogonga? Ndipo ikaja trastuzumabu, kingamwili iliyotengenezwa maabara, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Herceptin. Marekani iliiidhinisha 1998. Kansa iliyokuwa ikiogopwa kuliko nyingine ikawa mojawapo ya zile zenye dawa nzuri.

Sasa ile 2+ kwenye ripoti. Sifuri na 1+ huhesabiwa hasi, 3+ ni chanya. 2+ ni "hatujui". Inahitaji kipimo kingine cha kuhesabu jeni zenyewe. Ukiona 2+ na hakuna mtu ametaja kipimo cha pili, uliza. Usiogope kuonekana mjuaji. Mathe anaweza kuwa anakosa dawa yake kwa sababu ya swali ambalo halikuulizwa, au apewe dawa ya bei kali isiyo na mtu wa kushika.

Na bei ni kali kweli. Hiyo dawa hutolewa kila wiki 3, kwa kawaida mwaka mzima. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilitangaza makubaliano na kampuni ya Roche ya kushusha bei ya dozi moja kutoka Sh120,000 hadi Sh40,000, na SHA ilipe. Hiyo ni hatua, siwezi kudanganya. Lakini ona mlango wa kuingilia: ni ile HER2 chanya kwenye karatasi. Familia ikikosa doo ya kipimo, dawa iliyolipiwa na serikali haiwezi kumfikia mtu ambaye hakuna anayejua kama anaihitaji. Tunapigia kelele bei ya dawa, na ni haki, lakini kipimo ndicho hukwamisha wengi kimya kimya.

Tugeukie buda. Kwenye karatasi yake hakuna HER2. Kuna PSA, ambayo ni kipimo cha damu, na alama ya Gleason, inayosema seli zimeharibika umbo kiasi gani. Makanga wa tezi dume anajulikana tangu zamani: testosteroni. Mwaka 1941 huko Chicago, Charles Huggins alionyesha kwamba ukiondoa korodani, kansa ya tezi dume iliyosambaa hupungua. Akapewa Tuzo ya Nobel 1966. Mpaka leo kanuni ni ile ile kwa ugonjwa uliosambaa, ama kwa upasuaji au kwa sindano zinazoambia mwili usitengeneze hiyo homoni.

Na hapa ndipo wazee wanatoroka. Mzee akisikia maneno "korodani" na "kuondoa" kwenye sentensi moja, kesho yuko kwa mtu wa mitishamba. Simcheki. Dawa hizi huleta joto la ghafla, mifupa hupungua nguvu, hamu ya mapenzi hushuka. Ni vizuri aambiwe ukweli huo, na aambiwe pia sindano ipo, ili achague akijua. Mwanawe wa kiume akiketi naye akaongea waziwazi inasaidia kuliko kijikaratasi cha kliniki.

Shida ni kwamba kansa ni kama dere wa Nairobi. Trafiki wakisimama Globe, anakata kona anapita njia za panya. Ukifunga korodani, tezi zilizo juu ya figo bado zinapika homoni kidogo, na uvimbe wenyewe hujifunza kujipikia. Dawa inayoitwa abirateroni, iliyoidhinishwa Marekani 2011, inazima hayo majiko yote. Enzalutamidi, ya 2012, inaziba kipokezi chenyewe. Kisha seli nyingine zinatengeneza kipokezi kilichokatwa ile sehemu ya kushikia homoni, kinachogonga chenyewe bila kuambiwa. Kwenye matiti pia kuna seli ambazo kipokezi chake cha estrojeni hubadilika kikabaki kimewaka, na kuna dawa kama palbosiklibu, ya 2015, inayosimama mbele zaidi barabarani, pale seli inapojiandaa kugawanyika. Kwa hivyo daktari akibadilisha dawa baada ya miaka miwili usidhani ya kwanza ilikuwa feki. Barabara imebadilika.

Kuna karatasi inayosema hasi, hasi, hasi. Hiyo ndiyo ngumu. Masikio yote matatu hayapo, na huonekana zaidi kwa wanawake weusi na walio wadogo kwa umri. Kemo bado ndiyo nguzo hapo, na kemo hufanya kazi, usimwache mtu akwambie vingine. Lakini ripoti hiyo ifungue swali la ukoo, hasa mgonjwa akiwa mdogo. Jeni za BRCA1 na BRCA2 hurekebisha makosa kwenye vinasaba. Zikiwa na kasoro, kansa ya matiti na ya ovari hupata mwanya, na BRCA2 hasa humfikia pia mwanaume kwenye tezi dume. Baba anaweza kuipitisha kwa bintiye. Kwa hivyo ule ugonjwa wa tezi wa ami, na titi la shangazi ambalo hakuna anayelizungumzia kwenye matanga, vinaweza kuwa stori moja. Kuna dawa, olaparibu, inayotumia kasoro hiyo hiyo kuimaliza seli ya kansa.

Sasa ukienda kliniki na mathe, andika maswali kwenye simu kabla ya kufika. ER na PR ni ngapi kwa asilimia? HER2 ni ngapi, na kama ni 2+, kipimo cha pili kitafanyika wapi na kwa pesa ngapi? Akianzishiwa trastuzumabu, moyo utapimwa lini, maana dawa hiyo inaweza kuulegeza. Kwa buda: imesambaa au bado iko mahali pake? Maana si kila kansa ya tezi dume hukimbizwa na dawa, nyingine huangaliwa tu.

Na jambo moja ambalo watu husahau. Kinyama kilichokatwa hakitupwi, kinahifadhiwa maabara ndani ya kipande kidogo cha nta. Uliza kiko maabara gani na namba yake ni ipi, uiandike nyuma ya ripoti. Kikihitajika kipimo kingine mwakani, mathe si lazima akatwe tena.