HITA YA PIKAPU IKIPOA, TUIANGALIE INJINI

Katika bajeti ya robo mwaka hii, baadhi ya wajumbe wa kamati za sharika walihoji mstari mmoja: "Matengenezo ya hita, pikapu ya Ngara". Mfadhili mmoja naye alituuliza kwa upole kama Tanzania kuna haja ya kupasha joto ndani ya gari. Swali ni la haki, na tumeona vyema tulijibu kwa kirefu kidogo, maana hasara ya kutolijua jambo hili tumekwisha kuilipa.

Wenyeji wa Ngara hawahitaji kuelezwa habari za baridi ya alfajiri. Pamoja na baridi hiyo, siku ya mvua watu wanne waliolowa wakiingia kwenye kabini, kioo cha mbele hujaa ukungu kwa ndani, na kinachoukausha ni hewa ya moto ya hita. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo ina malori makubwa ya kwenda Rwanda na Burundi. Kuendesha humo huku unafuta kioo kwa leso ni hatari.

Hata hivyo sababu kubwa iko kwenye injini. Hita haina moto wake yenyewe. Ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, inayopokea maji ya moto kutoka kwenye injini kwa mpira mmoja na kuyarudisha kwa mpira mwingine, na feni hupuliza hewa kupitia hapo. Kwa hiyo hita ikipungua nguvu, mara nyingi kuna jambo katika maji yanayopoza injini.

Tulijifunza hili vibaya. Dereva wa pikapu yetu ya zamani alitueleza kwamba hita hupuliza baridi gari likipanda mlima, halafu hurudia joto. Tulimjibu avae koti. Wiki chache baadaye, karibu na Nyakahura, injini ilichemka na silinda hedi ikapasuka. Geji ya joto haikuonyesha kitu. Maji yalikuwa yamepungua kiasi kwamba kipimo chake kilikuwa kimebaki hewani, na kipimo kisichoguswa na maji hakisomi sawasawa. Gari lilikaa miezi mitatu bila kutembea, na kazi ya visima ikasimama nalo.

Sasa tunachunguza hivi. Asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, tunafungua mfuniko wa rejeta na kuangalia maji. (Injini ikiwa moto mfuniko usiguswe, maji yaliyobanwa yanarukia usoni.) Maji yakiwa yamepungua na hakuna mahali panapovuja, tunawasha injini na kutazama: mapovu yasiyokwisha ni dalili kwamba gesi ya injini inapita kwenye gasketi ya silinda hedi na kuingia kwenye maji. Gesi hiyo hukusanyika kwenye rejeta ndogo, na ndiyo maana hita hupoa kabla geji haijasema lolote.

Maji yakiwa sawa, gari liendeshwe kama dakika ishirini, kisha tuguse kwa uangalifu ile mipira miwili ya hita. Yote miwili ikiwa moto, maji hayana shida. Kasoro iko kwenye feni, kwenye kibati kinachogeuza hewa, au vumbi limeziba njia. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, koki ya hita imefungwa au rejeta ndogo imeziba. Yote miwili ikiwa vuguvugu na geji ikabaki chini, mshukiwa wa kwanza ni themostati.

Hapa tuseme wazi. Mafundi wengi huku kwetu huitoa themostati na kuitupa, wakiamini kwamba nchi ya joto haiihitaji. Kifaa hiki huzuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka yafikie takriban nyuzi 80 za Selsiasi. Bila hicho injini ya dizeli hufanya kazi ikiwa baridi, hula mafuta zaidi na silinda huchakaa mapema. Kwa injini ya 1HZ, iliyomo katika Land Cruiser nyingi za miaka ya 1990, kuna ubaya wa pili: themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta, na gari lenye mzigo linaweza kuchemka mlimani. Aliyeitoa ili gari lisichemke amelisaidia lichemke.

Si kila upungufu ni ugonjwa. Dizeli hutupa joto kidogo kuliko petroli, hasa ikiwa imesimama au inateremka, kwa hiyo hita kufifia kwenye mteremko wa kuelekea daraja la Rusumo si neno. Ya kwetu ilififia hata kwenye tambarare. Fundi alikuta themostati haipo na rejeta ndogo imejaa tope jekundu, matunda ya kuongeza maji ya mtoni kila safari. Aliisafisha kwa kupitisha maji kinyumenyume, kwa nguvu ndogo, kwani mabomba yake ni membamba. Akaweka themostati, mfuniko mpya wa rejeta, na maji safi yaliyochanganywa na kulanti, ambayo kazi yake kwetu ni kuzuia kutu. Silinda hedi ilikuwa nzima.

Huo ndio mstari uliohojiwa. Pikapu ya Biharamulo nayo imeonyesha mapovu wiki iliyopita. Tumeisimamisha, na gasketi imeagizwa Mwanza.