NYUMBA YA BWANA IKIBAKI BILA BWANA

Ukisikia neno hoteli, akili yako inarukia chai, chapati na supu. Lakini ukifika Paris, Ufaransa, ukaelekezwa Hôtel Biron, usiingie ukaagiza chai, utaaibika! Wafaransa huliita "hôtel" hata jumba la kifahari la tajiri wa mjini. Hilo la Biron lilijengwa karne ya 18. Mwaka 1789 mapinduzi yakaanza kuwafagia makabaila, jumba likabaki. Tangu 1919 ni makumbusho ya mchongaji Auguste Rodin.

Tusiende mbali, msomaji wangu. Majumba ya namna hiyo hata sisi tunayo. Toka hapa Nkoma, teremka mpaka pwani, vuka maji uingie Zanzibar, Mji Mkongwe, mtaa wa Shangani. Ipo nyumba ya Tippu Tip, jina lake halisi Hamed bin Muhammed, aliyefariki 1905. Jamaa alitajirikia huku bara, Tabora mpaka Kongo, kwa pembe za ndovu na biashara ya watumwa. Mlango wake wa mbao umechongwa mpaka wageni wanaupiga picha.

Yakaja Mapinduzi ya 1964. Majumba mengi ya matajiri yakataifishwa, familia za kawaida zikapangishwa humo chumba chumba. Na hili likawa hivyo hivyo. Safi, watu wakapata pa kulala. Lakini nyumba ikiwa ya wote, nani atapanda juu kuziba paa linalovuja?

Maana majumba haya ni ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Maji yakiingia, boriti inaoza. Fundi mwingine anapiga plasta ya saruji akidhani anasaidia, kumbe anaufungia unyevu ndani. Ukuta unapendeza usoni kama jipu lililopakwa poda!

Si utani. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati. Watu wawili walikufa. Na Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Orodha haizibi paa, bwana.

Wapo watakaosema, ya nini kutunza nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa? Iacheni ianguke! Mimi nakataa. Watu walionunuliwa kama mbuzi hawakuachiwa hata kaburi la kuonyesha. Nyumba ile ni kidhibiti cha kesi yao. Ikianguka, kesho atatokea mjanja aseme hayo hayakutokea, na wajukuu zetu watakosa cha kumjibu.

Kwa hiyo ukijaliwa kufika Shangani, usiishie kupiga picha mlango. Inua macho utazame na paa.