Amani ya Mikono Si Amani ya Moyo

Ndugu msomaji, tarehe 25 Machi mwaka 1458, Sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria, watu wa mji wa London waliona jambo la ajabu. Mabwana wakubwa wa Uingereza, ambao miaka mitatu nyuma walikuwa wameuana kwa mapanga, walikwenda kwa maandamano mpaka kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, kila mtu ameshikana mkono na adui yake. Mfalme Henry VI alikwenda peke yake, taji kichwani. Malkia Margaret alishikana mkono na Richard, Bwana wa York. Kijana Bwana wa Somerset, aliyefiwa na baba yake vitani, alishikana na Bwana wa Salisbury, mmoja wa wakubwa wa jeshi lililomwua baba huyo. Waingereza waliita siku hiyo Siku ya Upendo.

Je, upendo huo ulidumu? Sikiliza kwanza ugomvi ulivyoanza.

MFALME MPOLE, MABWANA WAKALI

Henry alirithi ufalme mwaka 1422, akiwa hajatimiza hata mwaka mmoja. Alikua mtu wa sala na mpenda elimu. Mwaka 1440 alianzisha shule ya Eton, ambayo ipo hata leo. Lakini hakuweza kuamua neno akalisimamia. Waliomzunguka walijipatia ardhi na vyeo kwa kumbembeleza. Kila bwana mkubwa aliweka watu wenye silaha, waliovaa alama yake na kupokea ujira wake. Mnyonge akinyang'anywa shamba alishindwa barazani, maana waamuzi waliwaogopa watu wa bwana. Basi kila mtu akatafuta bwana wa kumkinga, na nchi ikagawanyika.

Richard wa York naye alikuwa wa damu ya kifalme, tena tajiri. Alichukia kuona mfalme akimsikiliza Somerset mzee kuliko yeye. Huko kaskazini ukoo wa Percy na ukoo wa Neville walikuwa wakiviziana njiani. Mwaka 1453 mfalme akapatwa na ugonjwa wa akili, hata hakumtambua mwanawe aliyezaliwa. York akashika usimamizi wa nchi, Somerset akafungwa. Mfalme alipopona, Somerset akafunguliwa. York akaogopa, akakusanya jeshi. Tarehe 22 Mei 1455, katika njia za mji wa St Albans, Somerset mzee, Bwana wa Northumberland na Bwana Clifford waliuawa, na mfalme mwenyewe akachomwa mshale shingoni.

Tangu siku hiyo ugomvi wa vyeo ukageuka kisasi cha damu. Kila marehemu aliacha mwana.

MAPATANO YA LONDON

Mfalme, kwa moyo mwema, akawaita wote London waamuliwe. Hukumu ilipendeza: watu wa upande wa York walipe fidia kwa wafiwa, tena watoe paundi 45 kila mwaka kwa abasia ya St Albans, ili Misa zisomwe kwa ajili ya roho za waliouawa.

Lakini tazama, msomaji. Kila bwana alikuja na mamia ya askari. Upande mmoja ulilala ndani ya mji, upande wa pili nje ya kuta, na meya akaweka walinzi wenye silaha katikati yao. Tena York alilipa fidia yake kwa hati za deni alilokuwa akimdai mfalme; mfukoni mwake hakikutoka kitu. Na shina lenyewe la ugomvi, yaani nani atamshauri mfalme, halikuguswa.

Kabla mwaka haujaisha, walipigana tena huko Westminster. Mwaka 1459 vita vikaanza upya. Wazee wetu husema: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Lakini mkulima wa Uingereza hakuachiwa jembe. Bwana wake alimwita vitani. Tarehe 29 Machi 1461, Jumapili ya Matawi, theluji ikianguka, maelfu walikufa huko Towton.

Na wale walioshikana mikono? York aliuawa Desemba 1460, kichwa chake kikatundikwa juu ya lango la mji wa York, kimevikwa taji ya karatasi. Salisbury akakatwa kichwa mara baada yake. Somerset kijana akakatwa kichwa mwaka 1464. Mwaka 1471 mwana wa pekee wa malkia aliuawa vitani, na mwezi huohuo mfalme akafa kifungoni katika ngome ya London. Ni mwaka 1485 tu ndipo Henry Tudor aliposhinda, naye mwaka uliofuata akamwoa Elizabeth wa ukoo wa York, wale mahasimu wakawa nyumba moja.

NA SISI?

Msomaji, pengine katika ukoo wako mna ugomvi wa mpaka au wa urithi. Wazee wamekaa, mmeshikana mikono, mmekula pamoja. Vema. Lakini je, alama ya mpaka imerudishwa mahali pake? Ng'ombe wa fidia ametoka zizini kweli? Umewaambia wanao waache maneno ya kisasi? Bwana wetu alitufundisha kupatana na ndugu kwanza, ndipo kutoa sadaka. Mabwana wale walikwenda kanisani kabla ya kupatana.